Spiriti ya Vidomo

"Nguo zako ziko uani! Zifuate kabla sijaita majirani waje kunisaidia kukutoa!"

Hapo ndipo tulipomwacha Shaba wiki iliyopita, wajukuu zangu. Amesimama katikati ya sebule ya mama mkwe wake, kuta nzima zimepangwa tarumbeta na matoazi, na nje uani nguo zake zimetawanyika kama zimepepetwa.

Aliyekosa ya nyuma asogee, nitamweleza upesi. Shaba ni fundi wa vyombo wa bendi ya matarumbeta. Anachomea zilizopasuka, ananyoosha zilizobonyea, na mikono yake inanuka shaba hata akioga vipi. Ndipo jina lilipotoka. Mumewe ni Kifua, tarumbeta ya kwanza. Mwenye bendi ni mama yake Kifua, Mama Bendi, mwanamke ambaye akikuita huhitaji kuulizia sauti imetokea upande gani.

Juzi tumbo la chini lilimuuma Shaba. Akaenda zahanati, akapimwa, akaambiwa ana kisonono. Akachomwa sindano, akaagizwa amwambie mumewe naye aende akatibiwe. Akamwambia. Mume akanuna, akaenda kupima kwingine kabisa, kwenye maabara ya sokoni. Na leo karudi na majibu.

"Mzima!" Mama Bendi akaipunga karatasi hewani. "Mwanangu mzima kama alivyotoka tumboni mwangu! Sasa tuambie, mke mwema, ugonjwa umeutoa wapi? Umeuchomea na risasi ya kulehemu humo karakana?"

"Mama, mimi sijatoka na mtu."

"Basi umeletewa na upepo!"

Kifua alikuwa kwenye kochi, anasugua tarumbeta yake kwa kitambaa. Anasugua, anasugua, hamwangalii mtu. Shaba alimtazama mpaka macho yakamuwasha.

"Baba, sema neno."

"Niseme nini? Karatasi imesema."

Mlangoni alisimama Kishindo, mpiga ngoma kubwa na dereva wa gari la bendi, jitu la miraba minne. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na simu mbili, yake na ya mkewe. Mkewe ndiye mpiga matoazi, mjamzito, na tangu arudi safari na bendi hakuwa mtu wa kutoka ndani. Simu yake ilikuwa haishiki chaji, Kishindo alikuwa ametoka kuichukua kwa mtengenezaji.

"Mimi nasema atoke," Kishindo akanguruma. "Bendi ni ya watu wenye heshima. Mke akichafua jina la Kifua, kachafua la wote. Mke wangu mimi hawezi!"

Ngojeni kidogo, msikimbilie mbele. Niwape kitendawili mkae nacho mkisoma. Nyumba yangu ina milango miwili. Mgeni mbaya kaingia kwa mlango wa juu. Askari wakaja, wakapekua mlango wa chini, wakatoka wakitangaza nyumba haina mtu. Nyumba gani hiyo?

Shikeni hapo hapo.

Shaba hakulia. Alitoka uani, akaokota nguo moja moja, akazifunga kwa kanga. Kisha akaenda kwenye banda lake la kazi kuchukua koleo na kichomeo, maana vile vilikuwa vyake tangu kabla ya ndoa. Wakamfuata wote watatu, asije akaiba.

Akafungua kabati. Akaitoa chupa ya spiriti. Akaitikisa. Tupu.

Hapa mjue desturi ya bendi ile. Kila tarumbeta ina kidomo, kile kipande kidogo cha kuwekea midomo. Mpigaji akishamaliza, kidomo kinatumbukizwa kwenye spiriti, kinafutwa, kinang'aa, ndipo mwingine anaruhusiwa kukigusa. Mama Bendi aliwafundisha hivyo tangu watoto: kilichopita kwenye spiriti ni safi, hakina swali. Na tangu bendi irudi kutoka safari ya harusi za miji ya mbali, Shaba alikuwa akijaza chupa leo, keshokutwa haina kitu.

"Hata hii mmenimalizia," akasema kwa uchungu. "Kishindo, nilikuambia uache kunywa spiriti yangu. Itakupofusha."

"Nani anakunywa?" Kishindo akavimba. "Mimi nimelewa lini kwa uchafu huo? Unafukuzwa bado unaleta kesi! Muulize mumeo! Yeye ndiye anayesukutua nayo kila asubuhi nyuma ya choo, anatema kama nyoka!"

Kitambaa cha Kifua kikasimama juu ya tarumbeta aliyokuja nayo.

"Unasukutua nini?" Shaba akauliza.

"Jino."

"Jino gani?" Huyo alikuwa Mama Bendi. "Ulilalamika lini jino? Ungekuwa na jino ungeuamsha mtaa mzima."

"Mama, ni fizi tu. Hebu tusitoke kwenye mada. Huyu mwanamke anaondoka au haondoki?"

Ile haraka ndiyo iliyomponza. Shaba aliishi na mtu yule, alijua sauti yake ya jino na sauti yake ya uongo. Akaweka furushi chini.

"Walikupima nini huko sokoni?"

"Walinipima."

"Nini? Damu? Mkojo? Nini?"

"Mkojo. Si ndiyo kipimo? Unataka wanipime nywele?"

"Twende zahanati," Shaba akasema. "Sasa hivi, wote. Aliyenipima mimi akupime wewe. Akisema huna kitu, nitatoka hapa bila hata koleo langu, na mtaani nitapita nikisema mwenyewe kwamba nilikuwa mwongo."

Kifua akacheka cheko la puani. "Siendi. Nimeshapima."

Lakini Mama Bendi alikuwa ameshaingiza miguu viatuni. "Utakwenda! Nataka huyu aumbuke mbele ya mtu mwenye koti jeupe, asije akasema alionewa na mama mkwe. Kishindo, washa gari!"

Ndani ya gari hakukuwa na mazungumzo, kulikuwa na mishale. Mama Bendi kila gari likiruka shimo anasema, "Na hiyo nayo imesababishwa na malaya." Kishindo anaitikia, "Kabisa." Shaba kashika furushi mapajani. Kifua kaegemea dirisha, anatafuna mdomo wake.

Nesi wa zahanati ile alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa na subira ya kugawa.

"Mgonjwa nani hapa?"

"Huyu!" Mama Bendi akamnyooshea kidole Shaba.

"Wewe mama ni nani yao?"

"Mimi ndiye niliyemzaa huyu."

"Hongera. Kaa nje."

"Mimi?"

"Humu siri ya mtu ni ya mtu. Nje, mama. Na wewe mwenye funguo, nje." Akawageukia Shaba na Kifua. "Na nyinyi, mnataka niwaone pamoja au mmoja mmoja?"

"Pamoja," Shaba akadakia.

Kifua akainua mabega. Mlango ukafungwa.

"Sindano umeshapata?" nesi akamuuliza Kifua.

"Sindano ya nini? Mimi mzima." Akamtolea karatasi yake kwa maringo.

Nesi akaisoma, akairudisha. "Hii inasema njia yako ya mkojo haina kisonono. Haisemi kingine. Niwaulize, na msinione sina adabu, ndiyo kazi yangu. Mara ya mwisho mlipokutana kimwili ilikuwaje?"

Kifua akageuza uso ukutani. Shaba ndiye aliyejibu:

"Usiku aliorudi safari alisema mgongo unamuuma. Hatukufanya kile cha kawaida. Alitumia mdomo tu. Na baada ya hapo hajanigusa."

"Kinga yoyote?"

"Kinga ya mdomo?" Kifua akaropoka. "Sista, ile si tendo! Ile haihesabiki. Hakuna mimba, hakuna ugonjwa. Kila mwanamume anajua."

"Basi kila mwanamume kafundishwa vibaya," nesi akasema. "Kisonono kinakaa kooni kama kinavyokaa chini. Kinaweza kutoka chini kikapanda kooni, na kutoka koo kikashuka kwa mwenzako. Kaswende nayo inapita hapo, na malengelenge ya sehemu za siri pia. Na koo likiwa nacho, mara nyingi haliumi. Unakula, unaimba, unapiga tarumbeta, na unacho."

"Na ukimwi?" Shaba akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa njia ya mdomo hatari yake ni ndogo sana, dada. Ndogo, siyo kwamba haipo; vidonda mdomoni au fizi zinazotoka damu vinaiongeza. Ndiyo maana damu tunapima leo kwa nyote wawili, na mtarudi kupima tena baada ya muda nitakaowaambia. Ugonjwa ukiwa mchanga kipimo kinaweza kisiuone."

Kifua akajaribu tena. "Lakini mkojo wangu ni safi! Mmekwisha pekua!"

Haya wajukuu, mmekitegua? Nyumba ni mtu, milango ni miwili, na askari wa sokoni walipekua ule wa chini.

"Mkojo hautoki kooni," nesi akasema. "Koo linapimwa kwa kijiti cha pamba. Fungua kinywa."

"Na kama mtu..." Kifua akasita. "Tuseme mtu anasukutua kila siku. Kwa kitu kikali. Spiriti, tuseme. Si inaua kila kitu?"

Shaba akageuka taratibu kumwangalia.

Nesi akavua miwani. "Unasukutua kwa spiriti?"

"Nimesema tuseme. Ni jino."

"Inachoma ngozi ya kinywa na ukiimeza ni sumu. Huo ndio utakuwa msaada wake. Wewe si chombo cha shaba, baba. Chombo unakiosha ndani, uchafu unakwisha. Wewe una nyama, na mdudu kajificha nyamani. Fungua kinywa kabla sijaita watu wakushike taya."

Akafungua. Akakohoa, akatokwa machozi. Shaba naye akapimwa kwa vijiti vyake, kwa sababu nesi alisema hampendelei mtu. Mashine ya majibu ilikuwa hapo hapo, ndogo kama redio, wakaambiwa wasubiri nje.

Wakasubiri. Mama Bendi akauliza mara chungu nzima, "Kasemaje? Kasemaje?" Kishindo akanunua maji, akanywa peke yake. Shaba akakaa kwenye benchi akilitazama furushi lake na kuwaza kwamba jua likizama atakuwa mke au atakuwa mtu wa kunyooshewa vidole mpaka sokoni.

Mlango ukafunguka. "Mwenye koo, ingia."

Kifua akaingia. Muda si mrefu akatoka. Na hamtaamini, wajukuu zangu, alitoka anatabasamu.

"Mama," Kifua akasema kwa sauti ya jukwaani, watu wa foleni wote wasikie, "nimekutwa nacho. Kooni."

"Eeeh!" Mama Bendi akashika kichwa.

"Tulia. Nesi mwenyewe kasema kipimo hakisemi nani alianza! Kinasema kipo tu. Sasa mimi nilimgusa nani kwa mdomo? Huyu mke wangu, kwa mapenzi yangu. Kumbe ndiko nilikookota! Mimi nimeambukizwa nyumbani kwangu mwenyewe!"

"Yarabi!" Mama Bendi akamgeukia Shaba, na safari hii mkono ulikuwa juu. "Umemwekea mwanangu uchafu kooni! Koo linalolisha bendi nzima!"

Foleni ikaguna. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamsonya Shaba waziwazi. Nesi akatoka mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Asingeweza kusema ya watu mbele ya watu.

Na ni kweli, nesi alisema hivyo. Kipimo hakina macho ya kuona jana. Shaba alilihisi hilo likimzunguka kama kamba. Ushahidi wake wote ulikuwa umekwisha geuzwa ukawa kesi yake.

"Sasa unaondoka mwenyewe au nikusukume?" Kifua akauliza kwa upole wa kuudhi.

Shaba akainama kuchukua furushi. Mkono ulipogusa kanga, pua ikakamata harufu ile ya spiriti iliyokaa kwenye vidole vyake. Akabaki ameinama. Akafikiri. Kisha akasimama, wala hakumwangalia mumewe. Alimwangalia Kishindo.

"Shemeji, umesema anasukutua nyuma ya choo."

"Ndiyo. Kila asubuhi. Nimemwona kwa macho yangu."

"Alianza lini?"

"Kishindo, usimjibu huyu!" Kifua akasema.

Lakini Kishindo alikuwa na donge lake. Bado alikuwa anakumbuka kuitwa mlevi wa spiriti mbele ya Mama Bendi, na nafasi ya kujisafisha ilikuwa tamu.

"Lini? Tangu safarini! Kule mji wa mwisho, asubuhi ya kuamkia kurudi. Nilimkuta nyuma ya gari, chupa ya spiriti ya vidomo mkononi, anasukutua huku machozi yanamtoka. Nikamcheka. Akaniambia, 'Ndugu yangu, kinywa nacho ni kidomo.' Wala sijakunywa tone, mimi!"

"Safarini," Shaba akarudia. "Kabla hajafika nyumbani."

"Kabla, ndiyo."

"Kabla hajanigusa mimi."

Mtu anaosha chombo baada ya kula, wajukuu zangu. Haoshi kwanza akala kesho.

Mkono wa Mama Bendi ulikuwa bado hewani. Ukakaa pale pale, kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua darini. Halafu ukageuka upande, ukashuka. Paaa! Shavu la Kifua lililia kuliko tarumbeta yake.

"Mama!"

"Usiniite! Ulikuwa unaosha nini kule? Uliosha nini, nakuuliza! Nimetupa nguo za mtoto wa watu uani, nimemwita malaya njia nzima, kumbe najitukania mwanangu!"

"Mama, watu wanasikia..."

"Wasikie! Lete simu!"

Akamchomolea mfukoni mwenyewe. Mama Bendi hakusoma sana, ila majina ya simu aliyajua. Akapitisha kidole, akakunja uso.

"Huyu Fundi Bomba ni nani? Fundi Bomba, Fundi Bomba, Fundi Bomba. Ukurasa mzima."

Shaba akacheka, cheko kavu lisilo na furaha. "Nyumba yetu haina bomba, mama. Maji tunachota kwa jirani."

"Mama, usipige!" Kifua aliruka, na safari hii hakukuwa na uigizaji. Uso ulikuwa umemparara, macho yanakimbilia kwa Kishindo na kurudi. "Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, mpigie kesho! Nitakueleza nyumbani! Siyo hapa!"

Kishindo akaona vurugu zimekuwa za kifamilia, akasogea pembeni kistaarabu kuelekea garini.

Mama Bendi akabonyeza. Akaweka sikioni.

Mfuko wa shati la Kishindo ukaanza kuimba.

Akatoa simu moja, siyo. Akatoa ya pili, ya mkewe, ile iliyotoka kwa mtengenezaji. Akasoma jina kwenye kioo, "Mama Mdogo", akatabasamu, akawageuzia mgongo ili aongee kwa adabu.

"Shikamoo, mama mdogo! Mwanao hayupo hapa, simu ninayo mi..."

"Wewe mwanamke!" Mama Bendi akafoka kwenye simu. "Wewe unayewafundisha waume za watu kusukutua spiriti! Nikikukamata nitakung'oa nywele moja moja!"

Kishindo aliisikia sauti ile sikioni. Akaisikia pia mgongoni, kwa ukubwa ule ule, kwa maneno yale yale.

Akageuka polepole.

"Mama Bendi," akasema, na ngurumo yote ilikuwa imemtoka. "Kata simu. Ni mimi niliyepokea."

Foleni nzima ilisimama. Kifua alikuwa anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ukuta ukamgomea.

Lakini Kishindo hakumfuata. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama kitu alichokwisha kukizika, halafu akaingia garini na kufunga mlango bila kuubamiza. Kule kutoubamiza ndiko kulikomtisha Shaba. Akawaza mwanamke aliyejilaza nyumbani na mimba yake, hajui kitu. Mwanamke aliyemwibia mume. Mwanamke mwenye kisonono kisichotibiwa, na mtoto ambaye siku ya kuzaliwa angeweza kupita humo humo, kikamuingia machoni.

Akabeba furushi lake, akakimbia, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda.

"Shuka," Kishindo akasema.

"Sishuki. Twende kwako. Mimi ndiye nitakayemwambia."

"Umwambie nini, wewe?"

"Kwamba aje apimwe leo. Mengine mtasemezana baadaye."

Nyuma yao Mama Bendi alikuwa anakimbia na kiatu kimoja, anaita, "Shaba, mwanangu! Shaba, nisamehe, shuka!" Lilikuwa jina jipya hilo, mwanangu. Shaba hakugeuka.

Kishindo akawasha gari. Akanyoosha mkono chini ya kiti, akatoa kile kirungu chake cha kupigia ngoma kubwa, akakiweka taratibu mapajani.

"Funga mkanda, shemeji," akasema. "Leo sitafunga breki mpaka mlangoni kwangu."